Tramu ya PCC na Barabara Isiyokuwa Yake

Katika historia ya usafiri wa mijini ni vigumu kutaja aina ya tramu iliyofanyiwa utafiti wa kina kabla ya kuundwa kuliko ile inayojulikana kwa herufi tatu, PCC, na pengine hakuna nyingine ambayo maisha yake yanamwachia mtafiti swali gumu zaidi. Tramu, kwa maelezo mafupi, ni gari la abiria linalopita juu ya reli zilizolazwa katika barabara za mji, likivutwa na mota za umeme ambao kwa kawaida huchukuliwa kwenye waya uliotandazwa juu ya njia. Hutofautiana na treni kwa kuwa husimama kila baada ya mwendo mfupi, hupakia na kushusha watu karibu na maduka na nyumba zao, na mara nyingi hugawana njia na vyombo vingine. PCC ilibuniwa Marekani kati ya 1929 na 1935 kwa kusudi moja lililokuwa wazi, nalo ni kuinusuru tramu isimezwe na motokaa na basi. Kwa vipimo vya uhandisi ilifaulu kupita matarajio ya walioiagiza. Hata hivyo, miaka 30 baada ya behewa la kwanza kuanza kazi, reli za miji mingi ya Marekani zilikuwa zimeng'olewa au kufunikwa lami, ilhali katika Prague, Brussels na miji mingi ya Umoja wa Kisovieti kizazi cha tramu hiyo hiyo kilikuwa bado kinaongezeka. Uchambuzi huu unauliza ni kwa nini chombo bora hakikuweza kuiokoa kazi kilichoundiwa, na unatetea jibu kwamba hatima ya tramu haikuamuliwa karakanani bali barabarani, yaani katika suala la nani ana haki ya kupita na nani analipia njia.

Hali iliyozaa tramu hii ilianza kujengeka mapema. Mhandisi Frank Sprague alipoonyesha mjini Richmond, katika jimbo la Virginia, mwaka 1888 kwamba mtandao mzima wa tramu za umeme unaweza kuendeshwa kwa uhakika, farasi na nyumbu waliokuwa wakikokota mabehewa waliachwa kwa kasi, na kila mji wenye tamaa ya kukua ukataka reli zake. Kampuni zilizojenga njia hizo zilikuwa za watu binafsi, lakini zilifanya kazi kwa vibali vya manispaa, na vibali hivyo vilibeba masharti mawili yaliyoonekana mepesi siku ya kutia saini: nauli isiyobadilika, kwa kawaida senti tano, na wajibu wa kampuni kuijenga na kuitunza sehemu ya barabara iliyo kati na kando ya reli zake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopandisha bei ya chuma, makaa na mishahara, senti tano zilibaki senti tano, na kampuni nyingi zikafilisika kiasi kwamba mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson aliunda tume maalumu ya kuchunguza hali ya reli za umeme za mijini. Sharti la pili, ambalo halitajwi sana, ndilo lililokuwa na dhuluma ya kudumu zaidi, kwa sababu kampuni ya tramu iliendelea kutengeneza kwa fedha zake barabara ambayo motokaa na malori ya washindani wake yaliitumia bila kuilipa kampuni chochote.

Majaribio ya kujiokoa kwa kubadili chombo yalitangulia PCC. Katikati ya miaka ya 1910 mhandisi Charles Birney alibuni tramu ndogo nyepesi yenye magurudumu manne na mtumishi mmoja tu, aliyeendesha na kupokea nauli, ili gharama ya kondakta iondolewe. Maelfu yalijengwa, lakini kwa kuwa lilikuwa fupi na lenye ekseli mbili tu, behewa hilo liliyumba na kurukaruka kiasi cha kuwachosha abiria. Huko Cleveland, Peter Witt, aliyekuwa msimamizi wa tramu za mji, alipanga upya mtiririko wa watu ndani ya behewa kubwa, wakiingia kwa mlango wa mbele na kumlipa kondakta aliyeketi katikati wanapopita kwenda nyuma, na mpango huo ulisafiri hadi Milan, ambako magari 502 ya mtindo huo yalijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na baadhi yake yamefanya kazi katika mitaa ya mji huo mpaka karne hii. Hata hivyo, kosa la msingi la tasnia nzima lilibaki: kila kampuni iliagiza tramu kwa michoro yake, kwa idadi ndogo, kama mtu anayeshonesha suti kwa fundi, wakati viwanda vya motokaa vya Detroit vilikuwa vinatoa magari ya sampuli moja kwa mamilioni na kushusha bei mwaka hadi mwaka.

Mwishoni mwa 1929 wakuu wa kampuni kubwa za tramu, wakiongozwa na Thomas Conway, mtu aliyewahi kufundisha masuala ya fedha chuoni kabla ya kuendesha reli, walikubaliana kuchangia fedha za kubuni tramu moja itakayofaa miji yote. Kwa kuwa wakuu wa kampuni za Marekani huitwa marais, chombo hicho kiliitwa Kamati ya Mkutano wa Marais, na herufi za kwanza za jina lake kwa Kiingereza ndizo zilizobaki kuwa jina la tramu yenyewe. Uamuzi wao wa busara kuliko yote ulikuwa kutomkabidhi kazi mjenzi wa mabehewa. Walimchukua Clarence Hirshfeld, mkuu wa utafiti wa kampuni ya umeme ya Detroit, ambaye hakuwa na mazoea ya tasnia ya tramu na kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuyatetea. Naye alianza kwa kuuliza maswali ambayo watengenezaji walidhani yamekwisha kujibiwa: kelele inatoka wapi hasa, abiria anachukizwa na nini, na behewa linapaswa kuwa na uzito gani ili libebe mzigo wake bila kupoteza umeme.

Utafiti unaostahili kuangaliwa kwa utulivu ni ule wa mchapuko, yaani kiwango ambacho mwendo unaongezeka au kupungua kila sekunde. Imani ya madereva na wahandisi wa zamani ilikuwa kwamba tramu ikiondoka upesi abiria waliosimama wataanguka, na kwa hiyo tramu lazima iondoke polepole, hata kama motokaa zilizo nyuma yake zinapiga honi. Kundi la Hirshfeld lilisimamisha watu wa aina mbalimbali juu ya jukwaa lililoweza kusukumwa kwa mchapuko uliopimwa, likaandika ni wakati gani mtu anapepesuka, na mwaka 1932 likachapisha matokeo yaliyogeuza imani hiyo. Ilidhihirika kwamba kinachomwangusha mtu si ukubwa wa mchapuko peke yake bali ughafula wa kubadilika kwake. Mtu akipewa nafasi ya kuuegemea mwendo unaoongezeka kwa ulaini, huvumilia mchapuko mkubwa bila kushika chochote, lakini mtikisiko mdogo wa ghafla humtoa miguuni. Kutokana na hapo ilikuwa wazi kwamba tatizo la tramu za zamani lilikuwa katika kidhibiti chao, kifaa chenye mkono wa shaba ambao dereva aliuzungusha kupitia vituo vichache vya ukinzani wa umeme, na kila kituo kilipopitwa behewa zima lilishtuka.

Jibu la wahandisi lilikuwa kidhibiti kinachojiendesha chenyewe chenye hatua takriban mia moja badala ya kumi au chini ya hapo, kikipunguza ukinzani kidogo kidogo mpaka hatua zisihisike kuwa hatua. Mkono wa shaba ukaondolewa, na dereva akaketi kitini akitumia pedali kama za motokaa, moja ya kuongeza mwendo, moja ya breki, na ya tatu ya usalama, ambayo ikiachiliwa, kwa mfano dereva akizimia, tramu husimama yenyewe. Mota nne, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 55 hivi, ziliwekwa kwa kuelekea urefu wa bogi, yaani fremu yenye magurudumu inayojipinda chini ya behewa kwenye kona, zikazungusha ekseli kupitia gia zilizopinda za aina iliyotumika katika motokaa, gia ambazo zilizima ule mlio wa kusaga uliokuwa alama ya tramu za kale. Ndani ya gurudumu lenyewe, kati ya kitovu na ukingo wa chuma unaogusa reli, viliwekwa vipande vya mpira ili mtetemo wa reli usipande hadi sakafuni. Breki zilikuwa za tabaka tatu: mota zilizogeuzwa kuwa jenereta na kuukinza mwendo, breki ya msuguano iliyomalizia hatua za mwisho, na sumaku ndefu zilizong'ang'ania reli moja kwa moja wakati wa dharura. Kwa pamoja mambo haya yalikipa chombo uwezo wa kuongeza mwendo wa karibu kilomita 7 kwa saa kila sekunde inayopita, kiasi ambacho motokaa nyingi za wakati huo hazikuweza kukishinda kutoka taa moja ya barabarani hadi nyingine.

Umbo lake, lenye pua iliyoviringwa na kioo cha mbele kilicholazwa, lilifuata mtindo wa miaka ya 1930 wa kulainisha kila kitu kana kwamba kinapasua upepo, na wanahistoria wa sanaa hulitaja zaidi kuliko ile mipira ndani ya magurudumu. Ni upungufu unaoeleweka, kwa sababu macho huona bati kwanza. Hata hivyo, urithi wa kweli wa PCC ulikuwa katika bogi na kidhibiti, navyo ndivyo vilivyolindwa kwa hataza, yaani haki za kisheria za mvumbuzi, zilizokabidhiwa shirika maalumu lililouza leseni kwa yeyote aliyetaka kujenga. Mpango huo wa hataza, ulioonekana kuwa jambo la kiofisi tu, ndio ulioiwezesha tramu hii baadaye kuvuka bahari.

Pittsburgh ilipokea behewa lake la kwanza Julai 1936, na Brooklyn ikaanza huduma kwa kundi la mabehewa 100 Oktoba mwaka huo. Kampuni ya St. Louis Car ilijenga sehemu kubwa zaidi ya yaliyofuata, na Pullman-Standard ikajenga mengi ya yaliyobaki. Behewa la kawaida lilikuwa na urefu wa mita 14 na upana wa mita 2.5 hivi, ingawa usanifishaji huu haukuwa mgumu usiobadilika: Washington iliagiza mafupi zaidi kwa sababu ya mpangilio wa njia zake, na Chicago ikaagiza marefu na mapana zaidi yenye milango mitatu. Mengi yalikuwa na chumba cha dereva upande mmoja tu, jambo lililopunguza gharama lakini likahitaji mzunguko wa reli mwisho wa kila njia ili behewa ligeuke. Mwaka 1945 Pittsburgh ilijaribu toleo lisilotumia hewa iliyoshindiliwa kwa milango na breki, bali umeme mtupu, na toleo hilo ndilo lililotawala baada ya vita, likitambulika kwa safu ya madirisha madogo ya juu yaliyowekwa ili abiria aliyesimama aone amefika wapi bila kuinama. Mpaka uzalishaji wa Marekani ulipokoma mwaka 1952, kwa behewa namba 1040 la San Francisco, karibu mabehewa 5,000 yalikuwa yamejengwa Amerika Kaskazini. Pittsburgh pekee ilinunua 666, na Chicago 683.

Hapo ndipo swali linapokuwa zito, kwa maana ununuzi huo haukuwa wa watu waliokata tamaa. Chicago iliagiza mabehewa 600 mwaka 1945, ikayapokea kati ya 1946 na 1948, na tarehe 21 Juni 1958 tramu yake ya mwisho ikaingia bohari. Vyombo vilivyojengwa kudumu miongo kadhaa vilitumika miaka kumi au kumi na miwili, kisha 570 kati yao vikavunjwa na sehemu zao za mota na bogi zikatiwa katika mabehewa ya reli ya juu ya mji huo huo. Detroit ilifunga njia zake Aprili 1956, Brooklyn Oktoba mwaka huo huo, Minneapolis ilikuwa imekwisha kufunga 1954, na Washington ikafuata Januari 1962. Hakuna hata mji mmoja kati ya hiyo ambako inaweza kudaiwa kwa haki kwamba abiria walikataa tramu kwa ubovu wa tramu.

Maelezo yanayopendwa zaidi na umma ni ya njama. Kampuni ya National City Lines, iliyopata fedha kutoka General Motors, Firestone, Standard Oil ya California na wengineo, ilinunua kampuni za usafiri katika miji mingi na kuzibadili zitumie mabasi, na mwaka 1949 mahakama mjini Chicago iliwatia hatiani washirika hao kwa kula njama ya kuhodhi uuzaji wa mabasi, mafuta na matairi kwa kampuni hizo. Adhabu ilikuwa faini ya dola 5,000 kwa kila kampuni na dola moja kwa watendaji, kiasi ambacho kinamfanya msomaji yeyote mwenye dhamiri akasirike. Hatia hiyo ni ya kweli na haipaswi kupunguzwa uzito. Lakini mtu akizipanga tarehe anakuta jambo ambalo nadharia ya njama haiwezi kulieleza: Los Angeles na St. Louis, ambazo kampuni zake za tramu zilishikwa na National City Lines, zilinunua PCC mpya zikiwa chini ya mikono hiyo hiyo na kuwa na tramu hadi 1963 na 1966, ilhali Detroit, ambako tramu zilikuwa mali ya manispaa tangu 1922, na Chicago, ambako zilichukuliwa na mamlaka ya umma mwaka 1947, zilizitupa mapema zaidi. Brooklyn nayo ilikuwa mikononi mwa mji wa New York tangu 1940, na Meya Fiorello La Guardia alikuwa ametangaza waziwazi kwamba tramu ni kitu cha zamani. Kwa Washington, Bunge la Marekani lenyewe lilitoa kibali kipya cha usafiri mwaka 1956 kwa sharti kwamba tramu ziondolewe.

Kwa hiyo wahusika walikuwa tofauti, na matokeo yakawa yale yale, jambo linaloashiria sababu iliyo chini zaidi ya mhusika yeyote. Sheria ya 1935 iliyozibana kampuni hodhi za umeme ilizilazimisha nyingi kuachana na tramu ambazo zilikuwa zikizifadhili na kuziuzia umeme, na hivyo ikaziacha bila mzazi. Gharama ya kulaza reli upya ilimwangukia mwenye tramu, ilhali gharama ya barabara kuu mpya iliangukia hazina ya umma. Zaidi ya yote, tramu ilikuwa haiwezi kupinda. Motokaa ikisimama juu ya reli ili dereva wake anunue gazeti, tramu yenye uwezo wa kuondoka kwa kasi kuliko motokaa hiyo ilikuwa inangoja nyuma yake na abiria 100, na mchapuko wote uliopimwa na Hirshfeld ukawa hauna kazi. Wahandisi wa PCC walikuwa wamelijibu kwa ukamilifu swali waliloulizwa, la namna ya kuunda tramu isiyozidiwa na motokaa. Swali la nani apishe nani katikati ya mtaa halikuwa katika mamlaka yao, na halikuulizwa na wale waliokuwa nalo.

Ushahidi wa hoja hii umo katika orodha ya miji ya Marekani ambako PCC haikuuawa. Boston ilikuwa na njia ya chini ya ardhi kwa ajili ya tramu tangu 1897. Philadelphia nayo ilikuwa na njia ya chini ya ardhi katikati ya mji. Newark ilikuwa imelaza reli katika mfereji wa zamani wa maji uliofunikwa. Pittsburgh ilikuwa na handaki linalopenya kilima kinachotazamana na katikati ya mji. San Francisco ilikuwa na handaki la Twin Peaks tangu 1918. Na kitongoji cha Shaker Heights, jirani na Cleveland, kilikuwa na reli zilizotengwa na magari. Katika kila mfano tramu ilikuwa na kipande cha njia ambacho basi halingeweza kuchukua au motokaa haikuruhusiwa kuingia, na njia zilizokosa kipande kama hicho katika miji hiyo hiyo nyingi zilifutwa. Behewa lilikuwa la aina moja. Kilichotofautiana ni ardhi iliyokuwa chini yake.

Miji iliyojiondolea tramu iligeuka soko la mtumba, na historia ya mabehewa hayo ya mkono wa pili inaonyesha uimara wao kuliko takwimu yoyote ya kiwanda. Mexico ilinunua 91 kutoka Minneapolis na 183 kutoka Detroit. Mabehewa ya Washington yalivuka Atlantiki kwenda Barcelona na Sarajevo, na wakazi wa Sarajevo wakayaita kwa jina la mji yalikotoka. Toronto, iliyokuwa imejikusanyia kundi kubwa kuliko miji yote ya Amerika Kaskazini, mabehewa 745 kwa jumla, mapya na yaliyotumika, ilipoanza kupunguza yale ya zamani zaidi katika miaka ya 1960, iliyauza kwa Alexandria, Misri, na hivyo tramu iliyobuniwa kwa theluji na milima ya Amerika ikafanya kazi kando ya Bahari ya Mediterania, katika moja ya miji ya Afrika yenye utamaduni mkongwe zaidi wa tramu. Kisa kinachogusa kuliko vyote pengine ni cha mabehewa 30 ya Minneapolis yaliyouzwa kwa Newark: yalijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1940, yakatumika kwao kwa miaka michache tu, yakafanya kazi Newark mpaka 2001, na kumi na moja kati yao yakanunuliwa tena na San Francisco.

Ulaya ilipokea PCC katika mazingira tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoipa hoja ya hapa uzito. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Ubelgiji vilinunua leseni na kujenga kwa ajili ya The Hague, ambayo ilipata mbili za kwanza mwaka 1949, kisha Brussels tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baadaye Antwerp na Ghent, ambako kiwango cha reli, yaani upana kati ya reli mbili, kilikuwa mita moja tu, na bogi ikalazimika kubuniwa upya kwa ufinyu huo. Katika miji hiyo tramu ilikuwa mali ya umma au ya kampuni iliyolindwa na umma, na ilipobanwa na motokaa Brussels ilichimba mahandaki na kuzipitisha PCC zake chini ya barabara badala ya kuziuza. Poland ilijenga ya kwake kwa kuiga kanuni zile zile, na magari hayo yakajaza mitaa ya Warszawa katika miaka ya 1960.

Hata hivyo, mrithi mkuu wa PCC ni Chekoslovakia. Kiwanda cha Tatra huko Smíchov, mtaa wa viwanda wa Prague, kilipata leseni muda mfupi kabla ya mgawanyiko wa dunia katika kambi mbili kufunga milango ya biashara kama hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikatoa tramu ya T1, iliyofanana sana na asili yake. T2 ikafuata katikati ya muongo huo, na kuanzia 1960 T3, ambayo mwili wake wenye mviringo laini ulichorwa na František Kardaus. Kwa kuwa nchi za kisoshalisti ziligawana kazi za viwanda, Chekoslovakia ikawa mtengenezaji mkuu wa tramu kwa kambi nzima, na T3 na jamaa zake zikajengwa kwa idadi inayokaribia 14,000, nyingi zikienda Umoja wa Kisovieti, Moscow ikiwa mnunuzi asiyeshiba. Hapa kuna jambo ambalo mwanafunzi wa historia ya uchumi hapaswi kulipita upesi: usanifishaji uliobuniwa na mabepari wa Marekani ili kushindana na soko huria la motokaa ulifikia utimilifu wake katika uchumi wa mipango, ambako mnunuzi mmoja aliagiza chombo kimoja kwa maelfu, na ambako motokaa za watu binafsi zilikuwa chache kiasi kwamba hazikuweza kuinyang'anya tramu barabara. Ndoto ya Conway ya behewa moja kwa miji yote ilitimia, lakini katika Prague, Moscow na Kyiv.

Ni kosa kudhani kwamba mfano wa kisoshalisti ndio pekee, kwa maana Toronto ilikuwa mji wa kibepari wenye motokaa tele, na mwaka 1972, wakati mpango wa kufuta tramu zake ulikuwa umekwisha kupitishwa, kundi la raia na madiwani lilitoa hoja, kwa hesabu za gharama na za uwezo wa kubeba watu, kwamba kuziondoa ni hasara, na tume ya usafiri ikageuza uamuzi wake. PCC za mji huo zilikarabatiwa na kuendelea na huduma ya kawaida hadi 1995. Uamuzi ule haukutegemea ugunduzi wowote mpya wa kiufundi; mabehewa yaliyookolewa yalikuwa ya aina ile ile ambayo Chicago ilikuwa imeitupa miaka kumi na minne kabla.

Tangu hapo PCC imepata nafasi ya tatu, kama chombo cha kale kinachohifadhiwa kikiwa kazini. San Francisco ilifungua njia ya F mwaka 1995 katika Market Street, ikipaka kila behewa rangi za mji fulani uliowahi kutumia PCC, na mwaka 2000 ikairefusha hadi ufukweni Fisherman's Wharf. Kenosha, mji mdogo kando ya Ziwa Michigan, ulinunua mabehewa ya Toronto mwaka 2000. Na El Paso, Texas, ilikarabati ya kwake iliyokuwa imenunua kutoka San Diego na kuyarudisha barabarani 2018. Wapo wakosoaji wanaoziona njia hizi kuwa mapambo ya watalii, na kwa baadhi ya miji ukosoaji huo ni wa haki, hasa pale njia inapozunguka kilomita chache bila kumfikisha mtu kazini. Lakini njia ya F hubeba wakazi pamoja na watalii, na Philadelphia ilizirudisha PCC zake katika Girard Avenue mwaka 2005, ikazisimamisha 2020, na kuzirudisha tena 2024 baada ya kuzifanyia matengenezo, katika mitaa ambayo watalii hawafiki kwa wingi.

Mfano ulio safi kuliko yote uko kusini mwa Boston, katika njia fupi inayotoka Ashmont kwenda Mattapan. Njia hiyo, yenye urefu wa kilomita 4 hivi, ilifunguliwa 1929, mwaka ule ule ambao kamati iliundwa, na mabehewa yake yalijengwa na Pullman-Standard mwaka 1945 na 1946. Hayakuletwa pale kwa ajili ya kumbukumbu, wala hayakupakwa rangi za miji ya mbali. Yamekuwa yakiwapeleka watu kwenye treni ya chini ya ardhi asubuhi na kuwarudisha jioni, yakipita kando ya makaburi na bonde la mto Neponset juu ya reli zilizotengwa, ambazo karibu mwendo wote hakuna motokaa iliyo na ruhusa ya kusimama juu yake.